Mapitio: Karatasi za Omar ibn Said kwa jicho la mwalimu wa chuo

Huduma ninayoipitia hapa haina bei. Ni mkusanyo wa karatasi za Omar ibn Said, ambao Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, iliupata mwaka 2017 na kuuweka wazi mtandaoni Januari 2019. Hakuna kujisajili, hakuna nywila, hakuna kulipia. Andika Omar Ibn Said Collection kwenye kisanduku cha kutafutia na utaletewa nyaraka 42, nyingine za Kiarabu, nyingine za Kiingereza. Kati yake umo mswada mmoja wa kurasa 15 ulioandikwa mwaka 1831 na Omar mwenyewe, aliyekuwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Ndiyo tawasifu pekee inayojulikana kubaki ambayo mtumwa aliiandika kwa Kiarabu akiwa Marekani.

Mimi nafundisha chuo cha wasichana hapa Mombasa: alifu-bee-tee kwa wadogo, juzuu Amma na juzuu Tabaraka kwa wakubwa, na hati kwa yeyote mwenye subira nayo. Kila ninapokutana na habari za Omar, huzungumzwa kama kitu cha makumbusho, ajabu ya mtumwa aliyejua kuandika. Namtakia heshima kubwa kuliko hiyo. Huyu alikuwa mwandishi, mwenye mpango na mwenye makusudi, na historia ya fasihi ya Marekani ilimpita kwa sababu ilikuwa ikitafuta waandishi kwa Kiingereza peke yake. Ukiwa umeketi chuoni utotoni, hata miaka michache, una ufunguo wa kurasa zake za mwanzo ambao maprofesa wengi wa fasihi hiyo hawana. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika mapitio haya kwa Kiswahili.

Anza na ukurasa wa jina. Umeandikwa kwa Kiingereza na mkono wa mtu mwingine: maisha ya Omar ben Saeed, aitwaye Morro, mtumwa Mfulani (yaani wa kabila la Wafulani wa Afrika Magharibi) wa Fayetteville, mali ya Gavana Owen. Humo yumo katika orodha ya vitu vya watu. Ukipita hapo unakutana na bismillahi kwa mkono wake mwenyewe, kisha kumsalia Mtume, na kuanzia hapo hakuna anayemsemea.

Sasa hati. Msomaji wa kwetu aliyezoea misahafu ya Misri, ya Bombay au ya Madina atakwama mapema. Omar aliandika kwa mkono wa Afrika Magharibi, unaofuata desturi ya Maghribi: fee nukta yake huwekwa chini, na kafu huwa na nukta moja tu juu. Kwa hiyo kafu yake ndiyo inayofanana na fee yetu, na jicho litakudanganya neno baada ya neno mpaka ulizoeze.

Dawa iko ndani ya mswada wenyewe, kwani kurasa za mwanzo Omar ameziachia Suratul Mulk, ile ambayo sisi huiita Tabaraka na wengi wetu huisoma kabla ya kulala. Niliwatolea wanafunzi wangu wakubwa nakala za kurasa hizo kwenye duka la fotokopi, zimekuzwa hadi A3, nikawapa bila kuwaambia ni nini. Walipolishika neno la kwanza, ulimi ukatangulia macho. Mwisho wa aya ya kwanza mmoja akasimama akasema, “Maalimu, huyu kaandika fadiir.” Nikamwambia, soma kwa moyo, kisha uitazame tena. Akasoma “qadiir”, akaitazama ile nukta moja, akacheka. Aya mbili mbele, kwenye “tafaawut”, yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake fee yenye nukta chini. Kabla ya adhana ya Alasiri walikuwa wanausoma mkono wa mtu wa Futa Toro, katika Senegal ya leo, aliyezaliwa karibu mwaka 1770. Sijui zana nyingine ya kufundishia hati za kale inayompa mtoto furaha ya namna hiyo, tena bure.

Lakini kwa nini Tabaraka? Hapa ndipo nawaomba wasomaji wakae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwandishi anapoonekana.

J. Franklin Jameson, mwanahistoria aliyeuchapisha mswada huu kwa Kiingereza mwaka 1925 katika jarida la wanahistoria wa Marekani, aliwaambia wasomaji wake kwamba kurasa hizi za mwanzo ni manukuu ya Kurani aliyoyakumbuka Omar, na zingeweza kuachwa kwa kuwa si habari za maisha yake. Alizichapa, na kwa hilo namshukuru, ila alizihesabu kuwa ni pembezoni mwa kazi. Mimi nasema kazi inaanzia hapo. Mtu ameombwa na watu wanaommiliki, au marafiki zao, aandike maisha yake. Kabla hajataja jina lake wala mji wake, anaandika kwamba ametukuka yule ambaye mkononi mwake umo ufalme. Anaandika kwamba mauti na uhai vimeumbwa ili watu wajaribiwe, ionekane nani mwema zaidi kwa vitendo. Msomaji wake ni nani? Ni mtu wa North Carolina mwenye watumwa, au rafiki yake.

Ipitie sura hiyo ukimfikiria msomaji huyo. Walinzi wa Jahannamu wanawauliza wanaotupwa humo: hakuwafikieni mwonyaji? Nao wanakiri: alitufikia, tukamkadhibisha. Iko aya isemayo yafiche maneno yenu au yadhihirisheni, Yeye anayajua yaliyomo vifuani. Kwa mtu anayeandika kwa lugha ambayo nyumba nzima anamoishi hakuna mwingine anayeisoma, aya hiyo ina uzito wake. Iko aya inayouliza kama mmejiaminisha kwamba aliye mbinguni hataididimiza ardhi pamoja nanyi. Na ya mwisho kabisa inauliza, maji yenu yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea maji yatiririkayo? Hizo si aya za mtu aliyekuwa anajaza karatasi kwa alichobakiwa nacho kichwani. Angeweza kuandika sura fupi kumi, tena kwa urahisi zaidi. Amechagua hii, nami namsoma kama mtu anayetoa hotuba ambayo mwenye nyumba aliipokea kwa tabasamu, akaipeleka kwa jirani kumwonyesha hati nzuri.

Ukumbuke na mwaka. Mwaka 1830 bunge la North Carolina lilipitisha sheria ya kumkataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, isipokuwa hesabu. Agosti 1831 Nat Turner aliongoza maasi Virginia, jimbo linalopakana nalo, na hofu ikawa kubwa kila mahali. Omar sheria hiyo ilimkuta ameshasoma miaka 25 kwa masheikh wa kwao. Anawataja kwa majina: Muhammad Said, ambaye ni ndugu yake, Suleiman Kimba, na Jibril Abdal. Mwalimu yeyote atafurahi kuona hilo. Masheikh wake aliwaandika mmoja mmoja.

Baada ya sura anamgeukia mtu anayemwita Sheikh Hunter, na jambo la kwanza analomwambia ni kwamba hawezi kuandika maisha yake. Amesahau mengi ya lugha yake na mengi ya Kiarabu. Anaomba asilaumiwe, kwa sababu macho yake ni dhaifu na mwili wake ni dhaifu. Waliosoma vitabu vya wanavyuoni wetu wanajua adabu hii ya mtunzi kujishusha na kuomba radhi mwanzoni. Lakini hapa ndani ya adabu kuna ukweli mchungu. Ni mtu wa miaka sitini na ushei, miaka 24 mbali na yeyote wa kuzungumza naye kwa lugha zake, na makosa yamo kweli ndani ya Kiarabu chake. Ninapoona amerudia neno au amepotoa sarufi, simsahihishi akilini kama ninavyofanya daftari za wanafunzi.

Maisha yenyewe ameyaandika kwa ufupi unaoumiza. Lilikuja jeshi kubwa kwao, likaua watu wengi, likamchukua hadi bahari kubwa, akauzwa kwa Wakristo, wakamfunga, wakampakia merikebu kubwa, wakasafiri mwezi mmoja na nusu, wakafika mahali paitwapo Charleston. Sentensi moja kwa safari yote ya bahari. Hakuna kelele wala machozi, na hatuambiwi tumbo la merikebu lilikuwaje. Ulikuwa mwaka 1807, wa mwisho kabla ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kuanzia 1 Januari 1808. Marufuku hiyo ilimkosa kwa miezi tu.

Halafu wino unapata nguvu. Aliyemnunua Charleston, aitwaye Johnson, anamwita mtu mdogo, dhaifu, mwovu, kafiri asiyemcha Mungu hata kidogo. Na mara anajieleza yeye mwenyewe: mimi ni mtu mdogo, nisiyeweza kazi nzito. Tazama alivyowaweka karibu hao wawili, wote wadogo wa mwili, mmoja ana mjeledi na mwingine ana miaka 25 ya elimu. Akatoroka. Akatembea mwezi mmoja mpaka akaona majumba makubwa, na mwezi ulipoandama akaingia katika mojawapo kusali. Lilikuwa kanisa. Kijana akamwona, akapanda farasi kwenda kumwambia baba yake, wakaja watu na kundi la mbwa. Wakamtembeza maili 12 hadi Fayetteville, wakamtia katika nyumba kubwa asiyoweza kutoka, kwa siku 16 mchana na usiku.

Hapa iko habari ambayo magazeti ya zamani na wasimuliaji wa baadaye wanaipenda sana: kwamba alipokuwa gerezani aliokota makaa akaandika Kiarabu kuta nzima, watu wakaja kushangaa, na ndipo akanunuliwa na jamaa wa ukoo wa Owen. Sikuikuta habari hiyo kwenye kurasa zake. Yeye amehesabu siku za kifungo na kuendelea mbele. Watu waliokuwa nje ndio walioziona kuta.

Kuna sehemu inayonitatiza, nami siwezi kuiruka. Anawaita watu wa North Carolina, watu wa South Carolina, watu wote wa Marekani, na kuwauliza kama wanao watu wema mfano wa Jim Owen na John Owen. Hao walikuwa ndugu: James alikuwa jenerali aliyewahi kukaa katika Bunge la Marekani, na John alikuwa gavana wa jimbo kuanzia 1828 hadi 1830. Anasema hawakumpiga, hawakumtukana, hawakumwacha na njaa wala uchi, hawakumpa kazi nzito. Wako wanaoisoma sifa hiyo kama ilivyo. Mimi naona mtu anayetaja kila kitu ambacho mmiliki mwingine angemfanyia bila kuulizwa na sheria yoyote. Ukiuandika wema kwa kuorodhesha mapigo ambayo hukuyapata, umewasimulia wasomaji wako nchi nzima. Na yote hayo yameandikwa kwenye nyumba ya huyo huyo Jim Owen, kwa karatasi yake. Namwelewa. Siipendi sehemu hiyo, lakini ni lazima isomwe pamoja na Tabaraka iliyotangulia, na ukiikata peke yake, kama walivyofanya wengi waliotaka kuonyesha utumwa wa upole, umemdhulumu.

Kuhusu dini yake watu wamegombana tangu zamani. Alibatizwa katika kanisa la Presbiteri la Fayetteville miaka ya 1820 ilipokuwa ikianza. Katika mswada anaeleza dini yake ya zamani kwa hamu ya mtu anayeiona mbele yake: alikwenda msikitini kabla ya alfajiri, aliosha uso, kichwa, mikono na miguu, akasali Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha, akatoa zaka kila mwaka, dhahabu, fedha, mbegu, ng’ombe, kondoo, mbuzi, mpunga, ngano na shayiri. Nani huorodhesha hivyo jambo aliloliacha moyoni? Kisha anaiandika Fatiha kuwa ndiyo sala yake ya zamani, na sala ya Baba Yetu kuwa ndiyo ya sasa, moja karibu na nyingine. Kuna na kadi ya mwaka 1857, iliyotunzwa North Carolina, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni Sala ya Bwana kwa mkono wa Uncle Moreau, Mkristo mwaminifu. Mtoto wangu yeyote wa juzuu Amma akitazama Kiarabu chake atakuambia ni Idha jaa nasrullahi, sura ya Kurani.

Baadhi ya ndugu zangu Waislamu hukimbilia hapo kusema, basi amekufa Mwislamu, jambo limekwisha. Wapresbiteri nao wana ushahidi wao, kwani Biblia yake ya Kiarabu ipo hadi leo katika chuo kikuu cha Davidson. Hukumu ya moyo wa mtu si kazi ya mapitio. Ninachojua ni kwamba alifariki miaka ya 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa, akiwa na zaidi ya miaka 90, na hakuwahi kuwa huru siku moja katika nchi ile. Mtu wa hali hiyo ana haki ya kuandika sala mbili.

Usiishie kwenye mswada wa Omar ukafunga. Ndani ya mkusanyo mna mengine yanayostahili muda wako, na yaliyonigusa zaidi ni ya Lamine Kebe. Huyu alikuwa mwalimu kwao Afrika Magharibi kabla ya kutekwa. Alipoachiwa huru alikuwa New York akisubiri safari ya kurudi Afrika, na mwaka 1836 Omar akampelekea mswada wake. Fikiria: watumwa wawili wa zamani na wa sasa, kaskazini na kusini, wanaandikiana kwa Kiarabu. Kebe akampa mswada Theodore Dwight, mmoja wa waasisi wa jumuiya ya Waamerika waliokuwa wakichunguza mataifa ya watu, na ni Dwight aliyezikusanya karatasi hizi zote pamoja. Kebe alimsimulia Dwight namna vyuo vya kwao vinavyoendeshwa, watoto wanavyofundishwa, na vitabu vilivyosomwa. Alimweleza na habari za shangazi yake, aliyekuwa na elimu kuliko yeye na mashuhuri kwa ufundi wa kufundisha. Jina lake halikuandikwa. Mimi, mwalimu wa wasichana, nimemfikiria mama huyo mara nyingi.

Ziko pia karatasi za Mwafrika Magharibi mwingine aliyekuwa mtumwa Panama. Hizo nimezipitia haraka, sina la maana la kusema juu yake.

Njia uliyopita mswada wenyewe hadi kukufikia wewe kwenye simu ni ya kushukuru Mungu. Alexander Cotheal aliutafsiri mwaka 1848, Isaac Bird aliyekuwa mmishonari Syria akautafsiri tena, Jameson akauchapisha 1925, kisha ukatoweka machoni pa watu. Mwaka 1995 ulionekana ndani ya sanduku la zamani Virginia. Mkusanyaji mmoja, Derrick Beard, akaununua mwaka uliofuata na kuuonyesha sehemu mbalimbali mpaka ulipoingia Maktaba ya Bunge. Ungeweza kuliwa na mchwa wakati wowote katika safari hiyo.

Sasa matumizi ya huduma. Picha ni safi sana. Ukikuza unaona pale kalamu ilipoishiwa wino na ilipochovywa upya, unaona madoa na mikunjo ya karatasi. Kila ukurasa unaweza kuupakua kwa ukubwa tofauti, au ukachukua mswada mzima kama PDF. Ushauri wangu kwa anayetumia simu na bando la siku: usifungue picha kubwa moja moja, chukua PDF mara moja ukiwa kwenye waifai, halafu usome taratibu bila mtandao. Picha kubwa ziache kwa siku unayotaka kuchapisha. Maelezo ya kila hati ni ya Kiingereza, kwa hiyo babu yangu anayesoma Kiarabu na Kiswahili tu alihitaji mtu wa kumfungulia, ila alipofunguliwa hakuhitaji mtu tena. Alisoma kurasa za sura akakaa nazo jioni nzima.

Anayetaka Kiingereza kando ya Kiarabu atafute kitabu cha Ala Alryyes, A Muslim American Slave, cha mwaka 2011, kilichotolewa na chuo kikuu cha Wisconsin. Kina tafsiri mpya pamoja na picha za mswada, na makala za wanazuoni wengine. Tafsiri yake ni bora mno kuliko ile ya karne ya 19, ambayo watafsiri wake walikuwa wanaisoma Kurani kama wageni nyumbani kwa watu. Kitabu cha karibuni zaidi ni cha Mbaye Lo na Carl Ernst cha 2023, I Cannot Write My Life, jina lililochukuliwa kwenye maneno ya Omar kwa Sheikh Hunter. Wao wanazitazama hati zake nyingine pamoja na hii, na ndio wanaomchukulia Omar kwa uzito ninaoutaka, kama mwanachuoni anayenukuu vitabu alivyosomeshwa. Kama pesa inatosha kitabu kimoja tu, chukua hicho. Iko na opera, Omar, ya Rhiannon Giddens na Michael Abels, iliyofunguliwa Charleston kwenyewe mwaka 2022 na kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2023. Nafurahi ipo, kwa sababu imewafanya watu wengi kulitafuta jina lake.

Ukimaliza Omar na moyo bado una kiu, chuo kikuu cha North Carolina kina hazina yake ya bure mtandaoni, Documenting the American South, na humo utawakuta majirani zake wa jimbo hilo hilo. George Moses Horton alichapisha kitabu cha mashairi Raleigh mwaka 1829, akiwa mtumwa na kabla hajajua kuandika. Alikuwa akiyatunga kichwani na kuyatamka, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Chapel Hill wakamlipa senti 25 hadi 75 kwa shairi la kumpelekea mchumba. Waliokulia kwenye mashairi ya kutamkwa watamwelewa mara moja. Harriet Jacobs wa Edenton alijificha karibu miaka saba kwenye dari ya nyumba ya bibi yake, akaandika kitabu kilichotoka 1861 kwa jina la kubuni, na watu wakaja kukidhania riwaya ya mwanamke mweupe mpaka mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha miaka ya 1980 kwamba kila kitu kilikuwa chake. South Carolina alikuwako David Drake, mfinyanzi mtumwa wa Edgefield, aliyechora beti za mistari miwili kwenye mitungi mikubwa kabla haijachomwa. Mtungi wake mmoja wa Agosti 1857, mwaka ule ule wa kadi ya Omar, unauliza wako wapi jamaa zake wote. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyefuata njia ya kawaida ya kuwa mwandishi, na wote waliishi ndani ya majimbo mawili.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kufuatilia hati za Omar zenyewe: mkusanyo wa Washington hauna zote. Barua yake ya mwaka 1819, ya zamani kuliko zote zinazojulikana, ambayo ndani yake anaandika kwamba anatamani kuonekana katika nchi yake Afrika na kunukuu mistari ya al-Hariri, mtunzi wa Kiarabu, ya kufundishia nahau, iko chuo kikuu cha Yale. Kadi ya Idha jaa na Biblia ya Kiarabu ziko North Carolina. Usizitafute humu ukadhani zimepotea. Chukua PDF ya tawasifu, ruka ukurasa wa Kiingereza, na uanze na Tabaraka kwa sauti.